"Enchanté": Asili Yake na Fasiri Yake

Katika Lubutu, kama katika miji mingine ya Maniema, mtu aliyesoma Kifaransa akijulishwa kwa mgeni humpa mkono na kusema "enchanté". Twapenda kulichungua neno hili, maana anayefuata asili yake tu atalifasiri vibaya.

Latoka katika Kilatini, incantare. Ndani yake mna cantare, yaani kuimba. Basi ni kumwimbia mtu maneno ya nguvu ili apatwe na jambo. Warumi wa kale waliyaogopa maneno hayo. Sheria zao za Vibao Kumi na Viwili, zilizoandikwa karibu na mwaka 450 kabla ya Kristo, zilikataza kumwimbia mwenzio wimbo mbaya. Wimbo wenyewe waliuita carmen, na humo Wafaransa wakapata charme. Kumbe maneno yote mawili ni watoto wa wimbo! Hata katika Biblia ya Kilatini, Zaburi ya 57 (wengine huihesabu ya 58), neno hilo ni la yule amwimbiaye nyoka, naye nyoka aziba masikio.

Je, tuseme basi kwamba enchanté ni "nimelogwa"? Hatukubali. Katika Kifaransa neno limezeeka, meno yameng'oka, limebaki adabu tu. Kwetu kulogwa kungali na meno yote. Mwambie mgeni "umeniloga", hata kwa kucheka, na jirani akasikia nusu ya maneno: kesho mtoto akiugua, nusu ile itakumbukwa. Katika Kongo yetu watu wamefukuzwa vijijini, wengine wameuawa, kwa kuitwa walozi. Wazee wanawake wameteswa, hata watoto. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 yamwadhibu amsingiziaye mtoto uchawi. Rumi ilimwadhibu mwimbaji. Sheria hii yamwadhibu msingiziaji, nasi twaona imelenga vema zaidi.

Kwa salamu, "nimefurahi kukufahamu" yatosha kabisa. Ni maneno mepesi, kama enchanté yenyewe ilivyo nyepesi siku hizi. Na mwenye kutaka tamu zaidi, kwa mchumba wake tuseme, Kiswahili kina "umeniteka moyo". Kuteka ni kazi ya wanyang'anyi, twajua. Lakini hatujamwona mtu aliyeshtakiwa barazani kwa kuteka moyo.