Margaret Strobel na Ushahidi wa Wanawake wa Mombasa

Miongoni mwa wanahistoria wa kigeni walioshughulika na pwani ya Afrika Mashariki, Margaret Strobel wa Marekani ana daraja ya pekee. Kitabu chake Muslim Women in Mombasa, 1890–1975, kilichotoka mwaka 1979, kiliwaweka wanawake katikati ya historia ya mji. Vyama vya lelemama, vilivyodhaniwa kuwa mchezo tu, humo vyaonekana kuwa mahali ambapo wanawake walishika vyeo, walishindana na kujifunza uongozi. Baadaye alichunguza wanawake wa Kizungu katika dola ya Kiingereza, akaonyesha kwamba hata wao, walionyimwa haki na wanaume wao, walinufaika na ukoloni.

Hata hivyo, kazi yake iwahusuyo zaidi wataalamu wa lugha ni ile aliyoifanya pamoja na Sarah Mirza. Habari za maisha ya Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy zilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989. Kiswahili chenyewe kikafuata mwaka 1991, kwa jina la Wanawake Watatu wa Kiswahili.

Thamani ya chapa hiyo ya pili ni kubwa. Bi Kaje alitoka katika ukoo wa kiungwana uliokuwa na watumwa. Mishi alitokana na watumwa. Hadhi ya utumwa ilifutwa kwa sheria mwaka 1907 katika pwani ambayo leo ni ya Kenya, lakini msamiati wake haukufutika. Mtumwa, mzalia, kijakazi, suria: kila neno lina daraja yake, na mzalia si sawa na mtumwa aliyeletwa ukubwani. Kiingereza huelekea kuyakusanya yote chini ya neno moja, na mfasiri atakaye kuyatenga hana budi kuongeza maelezo ambayo msemaji hakuyasema.

Lawama moja yastahili kutajwa. Tafsiri ilitangulia asili, na kwa hiyo yamkini msomi kuyajadili maneno ya wanawake hawa bila kuyasoma kama walivyoyatamka. Ingefaa zaidi lugha zote mbili zitoke pamoja, ukurasa kwa ukurasa.

Pamoja na hayo, Strobel na Mirza walifanya jambo ambalo wanahistoria wengi hawalifanyi: walimkabidhi msomaji wa Kiswahili ushahidi wenyewe, hata aweze kuwapinga. Atakayeandika historia ya pwani kwa mazungumzo ya wenyeji na asipungukiwe na hayo.