Fundi wa Nuru na Giza

Mtu atazamaye sinema nyumbani kwake ni sultani asiye na waziri wa kumkanya: aweza kuisimamisha akaenda jikoni kuepua birika, aweza kuirudisha nyuma, na kwa rimoti aliyoishika aweza hata kuinyima giza lake, na hilo la mwisho ndilo lililonishikisha kalamu. Juzi usiku, tulipokuwa sebuleni tukitazama Kaagaz Ke Phool, mpwa wangu alisema, “Mjomba, televisheni hii ina kasoro, picha imejaa giza,” na kabla sijamjibu akaongeza mwanga hata kuta zikawa nyeupe pe, na kila kivuli kikatoweka. Nikamwambia, “Irudishe ilivyokuwa, baba. Giza hilo limefanyiwa kazi.”

Sidai ilimu ya sinema. Mimi ni mtazamaji wa mkekani, na rai zangu ni za mkekani. Walakini nadhani hata asiyejua kushika kamera aweza kutambua alipopita fundi. Filamu hiyo ya mwaka 1959, ya kwanza ya Kihindi kupigwa kwa mtindo wa picha pana uitwao CinemaScope, iliongozwa na Guru Dutt, naye ndiye stering wake. Kisa cha mwongozaji wa filamu anayeporomoka kutoka kileleni sitakisimulia, kwa kuwa waliokiona wanakijua, na wasiokiona nisije nikawaharibia. Mpiga picha alikuwa V. K. Murthy, na huyo ndiye ninayemsifu.

Kuna mahali ambapo Guru Dutt na mwigizaji mwenzake Waheeda Rehman wamesimama mbalimbali ndani ya studio tupu, wala hawasemi neno, ilhali sauti ya Geeta Dutt inaimba yale ambayo wao wameshindwa kuyatamka. Kutoka juu hushuka mwali mmoja wa nuru, mnene na ulionyooka, ambao ndani yake vumbi laonekana likielea taratibu; kisha taswira zao, nyepesi kama moshi, zatoka katika miili yao na kuendeana, miili yenyewe ikibaki pale pale iliposimama. Taa ya studio, hata iwe kubwa kiasi gani, miale yake hutawanyika kadiri iendavyo mbali, lakini ya jua hutufikia imenyooka. Basi Murthy akalileta jua la Bombay ndani ya jengo lisilo na jua, kwa kioo kikubwa kilichoinasa nuru na kuirusha kwenye kioo cha pili, nacho kikaiteremsha sakafuni. Na jua halimngoji mtu. Aliyefanya kazi ya namna hiyo alilazimika kufuatana nalo, akivigeuza vioo kila lilipojongea, ili mimi na wewe tuone mwali ambao wengi wetu hatujapata kujiuliza ulitoka wapi.

Mwaka uliofuata ilitoka filamu nyingine, Mughal-e-Azam, iliyoongozwa na K. Asif, pamoja na ukumbi wake maarufu wa vioo, ambamo taa zilipowashwa vioo vilizirudisha kwenye kamera, hata ikambidi mpiga picha wake, R. D. Mathur, atafute njia ya kuipitisha nuru kwa mzunguko badala ya kuielekeza moja kwa moja. Filamu hiyo, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa nyeusi na nyeupe, ilipakwa rangi yote kwa kompyuta mwaka 2004. Kwa insafu niseme kwamba Asif mwenyewe alitamani kuipiga yote kwa rangi. Lakini katika sehemu hiyo kubwa Mathur alizipanga taa zake kwa ajili ya weusi na weupe, na rangi iliyokuja baada ya miaka zaidi ya arubaini imeyafunika aliyoyapanga.

Zamani, katika sinema ya Majestic kule Unguja, watu walipiga miluzi, walilia, waliimba pamoja na waimbaji, almuradi zogo halikukosekana. Lakini giza lilikuwa la wote, wala hapana aliyeweza kuinuka akalipunguza kwa kidole. Siku hizi filamu hutazamwa garini, mchana, katika simu isiyozidi kiganja, na tamthilia nyingi zitengenezwazo sasa humulika kila uso na kila pembe ya chumba sawasawa, kana kwamba mtazamaji atadai fedha zake akikosa kuona rangi ya mto wa kochi. Seuze basi mtu kukaa akiungojea mwali ushuke!

Kaagaz Ke Phool haikupata wateja ilipotoka, na Guru Dutt hakuweka tena jina lake kama mwongozaji hadi alipofariki mwaka 1964. Murthy alipewa tuzo ya Dadasaheb Phalke mwaka 2010, akiwa mpiga picha wa kwanza kuipata, na mwaka 2014 naye akafariki. Ukiipata filamu yao, zima taa ya sebuleni, na rimoti mpe mtu mzima aishike.