Kushona Tufani

Wasanii wengi wanaotaka kumwonyesha Oya, mungu mke wa tufani katika dini ya Wayoruba, huanzia usoni: mwanamke mwenye macho makali, nywele zikipepea, radi mkononi. Picha ya namna hiyo huuzika, lakini upepo hauna sura. Tunaujua kwa kile unachokitikisa, bati linaloezuliwa au mti unaolazwa chini. Ndiyo maana naona kazi iliyomkaribia Oya kuliko zote ni ya fundi anayeshona vazi la Egungun, lile linalochezwa wahenga wanaporudi kuwatembelea walio hai. Ndani kabisa, panapogusa mwili wa mchezaji, kuna kitambaa cha mistari ya buluu na nyeupe kilichofumwa kwa mikanda myembamba, mfano wa sanda. Juu yake huning'inia ndimi za nguo, tabaka juu ya tabaka, pindo nyingi zimekatwa meno meno na kutiwa ukingo mwekundu. Ustadi wenyewe umo katika kile ambacho fundi hakishoni: ulimi hushikizwa juu, chini ukaachwa huru. Likitundikwa, vazi ni mzigo wa matambara tu. Mchezaji akizunguka, ndimi zote huinuka, vazi hutanuka, na waliosimama karibu hupigwa na upepo unaopokewa kama baraka.

Atakuwepo wa kusema kwamba vazi hilo ni la wahenga, Oya anaingiaje? Anaingia kwa uzazi: simulizi humtaja kuwa mama wa watoto tisa, na Egungun ndiye wa tisa. Mwingine atanikumbusha msanii Carybé, aliyewachonga miungu wa Kiyoruba kwenye mbao 27 za mwerezi zilizoko Salvador, Brazil, huko ambako Oya huitwa Iansã. Mbao zile ni kazi kubwa, sibishi. Ila zinatueleza Oya ni nani. Vazi linafanya anachokifanya.

Pingamizi linalonishughulisha zaidi ni la wapenda asili. Vazi moja kutoka mji wa Ogbomoso, Nigeria, lililoundwa kati ya 1920 na 1948 hivi na sasa liko Brooklyn Museum, lina vitambaa zaidi ya 300 vya Afrika, Ulaya na Asia. Je, hiyo bado ni sanaa ya Kiyoruba? Anayeuliza hivyo anahesabu viwanda vilikotoka nguo, na kusahau mkono uliozipanga. Familia iliyoongeza kitambaa cha gharama kilichovuka bahari ilikuwa ikiwapa wahenga wake heshima, na bila kukusudia pengine, ikimpa mcheza dansi kitu ambacho nguo ya aina moja isingempa: uzito mbalimbali. Mahameli huchelewa kuinuka, kitambaa chepesi hutangulia, na kwa kupishana huko vazi huvuma kwa mawimbi, badala ya kufunguka mara moja kama mwavuli.