Kiwiko cha senpai

Mwezi haupiti bila simu za wazazi kupokea video ya watoto wa karate wa miaka minane, gi (sare za mazoezi) zimepigwa pasi, mikanda bado ina mikunjo ya dukani, wakipaza sauti kwa pamoja: "Heshima! Nidhamu! Uvumilivu!" Kisha mmoja wao anashusha kiganja, vigae vitano vinapasuka, na ukumbi mzima unashangilia. Chini ya video watu wazima wanaandikiana kwamba hapo ndipo mtoto anapofunzwa maadili. Aliyekulia dojo, ukumbi wa mazoezi, huzima simu hapo hapo.

Vigae kwanza, vituondokee. Vikitenganishwa kwa vijiti, kila kimoja huvunjika peke yake, tena cha juu kikianguka humsaidia mpigaji kukivunja cha pili. Mbao nazo huchaguliwa nyembamba, zikakaushwa vizuri, zikashikwa ili pigo lifuate nyuzi. Ni mchezo wa sherehe, na hauna ubaya maadamu unaitwa mchezo wa sherehe. Ama ule wimbo wa heshima na nidhamu, hauthibitishi lolote. Dojo kun, kiapo kinachokaririwa, katika mtindo wa Shotokan ina vipengele vitano tu. Mtoto mwenye kichwa chepesi huvihifadhi wiki ya kwanza, na ya pili anampiga teke mdogo wake sebuleni.

Wazee wa karate wa Okinawa hawakuwa na haraka hiyo. Itosu Anko ndiye aliyeipenyeza karate katika shule za kisiwa hicho mwanzoni mwa karne ya 20, na katika barua yake ya mwaka 1908 alikwishaonya kuwa ngumi na miguu si vya kuchezewa ovyo. Lakini mwanafunzi wake Funakoshi Gichin hakukabidhiwa tabia kwa barua. Alirudishwa kwenye kata (mfululizo wa mienendo) tatu za Naihanchi kwa takriban miaka kumi, moja baada ya nyingine, na Itosu hakumruhusu kusogea mpaka aridhike. Miaka kumi, kata tatu. Leo kuna mahali mzazi anaahidiwa mkanda mweusi wa mwanawe kwa mkataba, na tarehe imeandikwa.

Sasa basi, mgeni ataijuaje dojo inayofunza tabia kweli? Wengi humkodolea macho sensei, yaani mwalimu, na hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu sensei anajua kuwa anatazamwa. Wa kutazamwa ni senpai, mwanafunzi mkubwa, aliyepangiwa mkanda mweupe katika gohon kumite, mapambano ya hatua tano. Hata huyo asitazamwe uso, wala ukali wa ukelele wake wa kiai. Kitazamwe kiwiko chake pale ngumi inapokoma.

Ngumi ikikoma shubiri nzima kabla ya uso huku kiwiko kimenyooka mpaka mwisho, hakuna aliyejizuia. Mkono umeisha. Hata angetaka kupiga, asingefika. Huu ndio udanganyifu ulioenea kuliko wote kwenye dojo za mijini, na watazamaji huuita upole. Lakini ngumi ikikoma sentimita tatu hivi kutoka kwenye ngozi, hikite, mkono unaovutwa nyuma, imerudi hadi ubavuni, nyonga imezunguka, na kiwiko bado kina mkunjo mdogo uliobaki, basi pale pana safari ambayo haikukamilishwa, na aliyeikatisha ni mwenye ngumi mwenyewe. Hiyo ndiyo sundome, kukomesha pigo kabla halijagusa. Tofauti ya viwiko hivyo viwili haizidi upana wa kiganja, na maadili yote yanayoimbwa kwenye video yamo ndani yake: mwenye uwezo wa kuumiza ameamua asiumize.

Tena faida yake humwendea mdogo kabla ya mkubwa. Mkanda mweupe anayetupiwa ngumi zisizofika hujifunza kukinga hewa. Age-uke yake, kinga ya juu, inaonekana safi, anapita mtihani, anapewa mkanda wa njano kwa kuzuia mapigo ambayo yangekosa hata angesimama mikono mfukoni. Amedanganywa na watu wanaomwinamia. Anayepewa ngumi ya kweli anaogopa siku za mwanzo, halafu anagundua kuwa aliye mbele yake anaaminika. Heshima inayomwingia hapo haihitaji kupigiwa kelele.

Kuna saa moja ambayo kiwiko husema zaidi. Sensei anapomkosoa senpai mbele ya darasa, labda kwa msimamo wa mbele, zenkutsu-dachi, wa kivivu, mgeni avumilie mpaka jozi inayofuata. Kama hasira ile inamshukia mkanda mweupe, itaonekana: ngumi inazama, kiwiko kinafungwa ndani ya mbavu za mtu, na "samahani" inatoka mdomoni kabla jicho halijatulia. Sensei wa karatasi husimamisha darasa akiona damu tu. Sensei wa kweli husimamisha kwa kiwiko kilichofungwa hata kama hakuna aliyeumia, na husimamisha vilevile kwa kile cha udanganyifu kinachoishia hewani. Hilo la pili ni adimu mno.

Dunia iliona suala hili la kujizuia kwenye jukwaa kubwa kuliko yote. Mwezi Agosti 2021, katika ukumbi wa Nippon Budokan, kwenye fainali ya kumite ya uzito wa juu ya Olimpiki ya Tokyo, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia aliongoza 4 kwa 1. Akarusha teke la kichwa, Sajad Ganjzadeh wa Iran akalala bila fahamu, na waamuzi wakampa Hamedi hansoku, yaani wakamwondoa kwa kosa. Dhahabu ikaenda kwa aliyebebwa kwa machela. Mashabiki wa ndondi wanacheka hadi leo. Kwa mtu wa dojo hakukuwa na kichekesho, ingawa ni kweli kwamba kulizuia teke la kasi ile ni kazi ngumu kuliko wanavyodhani wanaohukumu wakiwa kwenye kochi.

Kujizuia kuliwashinda hata wakubwa. Funakoshi mwenyewe alisimulia jinsi, akiwa mzee na Japani ikiwa kwenye dhiki ya baada ya vita, alivyovamiwa na mwizi usiku, akainama, akamkamata sehemu za siri mpaka polisi walipofika. Mwalimu wa kileo angekigeuza kisa hicho kuwa tangazo. Yeye alieleza kuwa aliona aibu, kwa sababu alishambulia.

Mikanda isimbabaishe mtu. Daraja za dan, za mkanda mweusi, zilitoka kwenye judo ya Kano Jigoro, na Funakoshi alitoa zake za kwanza mwaka 1924. Miyagi Chojun, baba wa Goju-ryu, alifariki mwaka 1953 bila kumpa dan hata mwanafunzi mmoja, na hakuna aliyethubutu kusema wanafunzi wake hawakuiva.

Mengine hayana mjadala. Dojo nzuri haipigi muziki. Gi ni nyeupe na nembo ni moja. Sensei aliyejaa viraka mabegani kama dereva wa mashindano ya magari ana la kuficha. Vioo vikubwa ukutani vinalea majivuno. Baada ya mazoezi, wenye mikanda myeusi ndio wanaoshika fagio.

Wakongwe wa Dar es Salaam wanaokumbuka Nantambu Camara Bomani, Mmarekani Mweusi aliyeifundisha Goju-ryu jijini humo kuanzia miaka ya 1970, hupenda kusema kuwa zama zile mkanda wa kahawia ulikuwa na uzito wa mkanda mweusi wa sasa. Wanatia chumvi, bila shaka. Vijana wa wakati huo nao walijazana sinema kumwangalia Bruce Lee, ambaye hata hakuwa mtu wa karate, wakaingia dojo wakidhani wataruka ukuta. Wengi hawakumaliza mwezi. Ila waliobaki walibaki kwa kata ya sanchin, kwa jasho na kwa kurudia, na hakuna aliyewarekodi.

Mzazi anayetafuta dojo aende siku ya kawaida, Jumanne jioni kwa mfano, asiende siku ya mtihani. Akae kwa upande, ili aone viwiko. Ukikaa mbele, kila ngumi huonekana imefika. Aulize aliyevaa kahawia ameivaa kwa muda gani, na kama jibu ni miezi mitatu, aulize na ada ya mtihani. Akiambiwa wageni hawaruhusiwi kutazama mazoezi, asibishane na mtu, achukue daladala aende dojo inayofuata.