Mapenzi Pasipo Mashahidi: Tahakiki ya Riwaya za Karantini

Riwaya ya mapenzi hujengwa juu ya kizuizi. Katika fasihi ya Kiswahili kizuizi hicho aghalabu kimekuwa mtu: baba mkali, ukoo wenye kiburi, au mume mzee asiyependwa, mfano wa Bwana Raza katika Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi (1999). Janga la Uviko-19 liliwapa watunzi wa Ulaya na Marekani kizuizi cha namna nyingine, yaani amri ya serikali iliyomtaka kila mtu abaki nyumbani. Ingetarajiwa kwamba amri hiyo itawatenganisha wapenzi na kwamba msuko utahusu jitihada zao za kuivuka. Lakini katika riwaya zilizo muhimu zaidi za kundi hili mambo ni kinyume. Wapenzi hufungiwa pamoja, na kinachoachwa nje ya mlango ni jamii.

Jambo hili limejitokeza wazi katika 56 Days ya Catherine Ryan Howard (2021). Ciara na Oliver wanakutana kwenye foleni ya dukani mjini Dublin, wiki ile ile ugonjwa unapoingia Ireland. Amri ya mwisho wa Machi 2020 iliwakataza raia wa nchi hiyo kwenda zaidi ya kilomita 2 kutoka makwao, wala watu wa nyumba mbalimbali hawakuruhusiwa kutembeleana. Wapenzi hawa ambao hawajajuana sawasawa wanajikuta hawana budi kuchagua: waachane au wahamie pamoja. Wanahamia kwa Oliver. Siku 56 tangu wakutane, polisi wanakuta maiti katika nyumba hiyo.

Ni kweli kwamba kitabu hiki kinauzwa kama hadithi ya upelelezi, na msuko wake wa kurudi nyuma na kwenda mbele una hila nyingi kuliko inavyohitajika. Hata hivyo dhamira yake ni nzito. Ciara anaifurahia karantini kwa kuwa uchumba wake hautachunguzwa na ndugu wala marafiki. Oliver anaifurahia kwa sababu hiyo hiyo, ila yeye ana jambo la kuficha. Msomaji wa Kiswahili ataielewa hofu iliyomo humu bila kufafanuliwa. Kwa desturi zetu posa haijibiwi kabla ya kuulizwa huyu ni mtoto wa nani, na kwao kuna habari gani. Vijana huyaona maswali hayo kuwa udaku. Howard anaonyesha nyumba ambamo hakuna wa kuyauliza.

Lakini hapa pana swali ambalo Howard halijibu. Wazee wanaouliza ndio hao hao wanaoweza kumwoza binti kwa mtu asiyemtaka. Mapenzi yasiyo na mashahidi ni hatari, na pia ni uhuru. Howard ameuona upande mmoja tu.

Sarah Hall, katika Burntcoat (2021), ameziona pande zote mbili. Edith, mchongaji wa sanamu, anajifungia na Halit, mhamiaji mwenye mkahawa, katika jengo kubwa lililokuwa ghala zamani. Ugonjwa wao ni wa kubuniwa nao ni mkali kuliko Uviko. Mwanzoni faragha ile inawapa furaha ya mwili ambayo Hall anaieleza bila haya na bila uchafu. Kisha Halit anaugua, na mwili ule ule uliokuwa wa kupendwa sasa ni wa kuoshwa na kugeuzwa kitandani. Hapana jirani anayebisha hodi. Mpenzi ndiye muuguzi, na ndiye matanga yote. Edith anasimulia miaka mingi baadaye, akimwita marehemu “wewe”. Na uteuzi huo wa nafsi ya pili si pambo la fani. Mtu aliyependa bila shahidi hana mwingine wa kuzungumza naye juu ya mapenzi hayo ila yule aliyekufa.

Jodi Picoult, katika Wish You Were Here (2021), amekwepa. Diana anakwama katika visiwa vya Galápagos, mbali na mchumba wake aliye daktari New York, naye anampenda mwanamume wa huko. Baadaye anazinduka hospitalini, na inafahamika kwamba kisiwa chote kilikuwa ndoto ya mgonjwa. Msomaji anayejiona amechezewa ana haki yake.

Boccaccio alikuwa mwangalifu zaidi. Vijana kumi wa Decameron wanaoikimbia tauni ya Florence ya mwaka 1348 hawaiachi jamii: kila siku wanamteua malkia au mfalme wao, na wanakwenda na watumishi. Watumishi hao wasisahauliwe. Faragha ina gharama, na riwaya hizi za leo hazisemi sana ni nani anayeilipa. Ghala la Edith na nyumba ya Oliver ni mali ya tabaka fulani.

Mtunzi wa Kenya hawezi kuliazima umbo hili lilivyo. Amri ya hapa ya tarehe 27 Machi 2020 ilikuwa kafyu ya usiku. Mchana watu walitoka kutafuta riziki. Tangu Aprili hadi Julai mwaka huo haikuruhusiwa kuingia wala kutoka Nairobi, hata mwenye mchumba Nakuru akabaki na simu tu, na kizuizi kikarudi kuwa mtu, yaani askari aliyesimama barabarani. Tena shule zilikuwa zimefungwa. Katika chumba kimoja cha Mathare au Kibera, mume na mke walilala na kuamka na watoto wao wote, mchana na usiku, kwa miezi. Mashahidi hawakupungua hapo, bali waliongezeka; na riwaya ya wawili hao, wanaoitafuta saa moja ya kuwa peke yao, itahitaji msuko mwingine kabisa.