Sura ya Shujaa na Begi la Kuuza

Wahenga walinena: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika matangazo ya mavazi na mitindo methali hii imepata mtihani. Humo bidhaa haijiuzi wala haijitembezi. Yatembezwa na mtu mashuhuri aliyepigwa picha pamoja nayo. Mhakiki hana budi kuitazama picha ya namna hiyo kwa jicho lile lile alitazamialo shairi, kwa maana nayo ni utungo: ina mtunzi, ina mpangilio, na ina maana ya ndani iliyositiriwa na maana ya nje.

Tuchukue mfano mmoja. Kampuni ya Louis Vuitton ya Ufaransa, iliyoanzishwa Paris mwaka 1854 kwa kazi ya kutengeneza masanduku ya safari, ilianza mwaka 2007 kutoa mfululizo wa matangazo yaliyopigwa picha na Annie Leibovitz, Mmarekani aliyejipatia jina kwa picha za watu mashuhuri katika magazeti ya Rolling Stone na Vanity Fair. Katika picha mojawapo yumo Mikhail Gorbachev, kiongozi wa mwisho wa Muungano wa Kisovieti, ameketi ndani ya gari, na nje ya dirisha yaonekana mabaki ya Ukuta wa Berlin. Ubavuni pake pana begi. Mwaka 2012 ikatoka picha ya Muhammad Ali, mzee aliyekwisha dhoofishwa na maradhi, akiwa pamoja na mjukuu wake mdogo aliyevaa glovu za ngumi. Hapo napo begi lipo.

Yapasa kwanza tutoe haki. Kisanaa picha hizi ni nzuri. Ukuta ule wasimulia historia ya Ulaya bila kutamka neno, na glovu kubwa katika mikono midogo zaeleza uzee, urithi na matumaini kwa pamoja. Mshairi angehitaji beti kadhaa kuyasema hayo.

Lakini tulitazame begi. Halikupewa nafasi ya mbele; limetuliwa kando, kama kitu cha kawaida cha mwenyewe. Hapo ndipo ulipo ufundi wa tangazo. Halituelezi begi limeshonwaje, litadumu miaka mingapi, wala lauzwa kiasi gani. Lamtukuza mtu, kisha utukufu wake wakihamia kitu kilicho jirani naye, mfano wa moshi wa udi unavyoingia katika nguo iliyotandazwa juu ya chetezo.

Kusifu si jambo geni katika fasihi yetu. Watunzi wa tenzi wamewasifu mashujaa na viongozi tangu kale. Hata hivyo mtunzi wa sifa hutaja matendo: shujaa alipigana wapi, alivumilia nini, alimtetea nani. Sifa husimama juu ya tendo na hubaki kwa mtendaji. Katika tangazo tendo hunyamazishwa, ikabaki heshima peke yake, tayari kuuzwa. Ali alivuliwa ubingwa mwaka 1967 kwa kukataa kwenda vitani Vietnam, akautwaa tena Kinshasa mwaka 1974 kwa kumshinda George Foreman. Begi halikupigana Kinshasa, na anunuaye begi hapewi hata chembe ya ushujaa ule.

Yaweza kujibiwa kwamba uso ni wa mwenyewe, na mtu ana haki ya kula jasho lake. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatumlaumu aliyepigwa picha. Swali letu lamhusu mtazamaji, hasa kijana ambaye bado ajifunza kutofautisha mtu na bidhaa.

Katika jambo hili Tanzania inacho kisa cha kujifunzia. Mwezi Februari 1980 Rais Jimmy Carter wa Marekani alimtuma Ali huyu huyu Dar es Salaam ili aishawishi nchi yetu isusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow, kwa sababu majeshi ya Kisovieti yameingia Afghanistan. Mjumbe alikuwa kipenzi cha Waafrika. Hata hivyo Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye, na waandishi wa habari wakamwuliza mbona Marekani haikuiunga mkono Afrika iliposusia michezo ya Montreal mwaka 1976 kwa ajili ya ubaguzi wa Afrika Kusini. Ali akakiri kwamba hakuwa ameelezwa habari hiyo. Tanzania ikaenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarejea kila mmoja na medali ya fedha. Kumpenda mjumbe kulikuwa jambo moja. Kuupima ujumbe kulikuwa jambo jingine.

Mwalimu aweza kulifundisha hili darasani kwa tangazo lolote lililokatwa gazetini. Mwanafunzi na aufunike kwanza uso wa mtu mashuhuri kwa kiganja, kisha aseme ameambiwa nini juu ya bidhaa. Baadaye aifunike bidhaa, auache uso. Akifanya hivyo kwa picha ya Ali, ataona kwamba babu na mjukuu hawakupungukiwa na kitu begi lilipoondoka. Begi lililobaki peke yake ndilo litakalopaswa kujieleza.