Isikilize Sauti ya Pili

Nikiulizwa kama kwaya fulani ya hapa Bujumbura inaweza kuimba Palestrina, sijibu kabla sijaisikia bila spika wala kinanda. Spika huficha mengi, na kinanda huficha zaidi: mwimbaji hukiegemea kama mkongojo, usijue kama miguu anayo.

Wakianza, usiifuate sauti ya kwanza. Tumezoea kuifuata kwa kuwa katika nyimbo nyingi za misa ndiyo inayobeba wimbo, nyingine zikiitegemeza. Kwa Palestrina, Victoria au Byrd, watunzi wa miaka ya 1500, sivyo. Besi huanzisha neno, teno hulidaka, sauti ya pili hulipokea likiwa bado la moto. Basi isikilize hiyo ya pili dakika nzima. Ukiipoteza, ama wanaoiimba ni waoga, ama wa sauti ya kwanza hawamsikilizi mtu. Mara nyingi ni hao wa kwanza.

Warundi wana kipimo chao cha jambo hili, nacho ni akazehe, salamu ya kuimba ya wanawake. Wawili hupokezana na kuingiliana hadi msikilizaji hajui sauti ipi ni ya nani. Mama aliyekua nayo hahitaji semina ya kupokezana. Ningemweka sauti ya pili kesho.

Katika Kilatini cha nyimbo hizi tuna bahati: irabu zake tano ni hizi zetu. Kinachoharibu ni Kifaransa cha shuleni. U ya “Dominus” iwe ya “kuku”, isibanwe midomoni. Gn ya “Agnus” iwe ny ya “nyama”. Na “gloria” ikiwa “groria”? Mimi husamehe, mradi wote wanane wameigeuza pamoja.

Nimetaja wanane, na hapo pana mtego. Wawili kwa kila sauti ni wagumu kuliko mmoja au watatu, maana wakitofautiana hata unywele, sikio linakamata papo hapo. Wakiweza hapo, wanaweza.

Kituo cha mwisho kinastahili subira yako. Ile mi iliyo juu ya do hukaa chini kidogo ya mi ya kinanda. Waimbaji wakiipata, mtetemo unakoma, na utadhani kuna mtu wa ziada anayeimba nyuma yao. Wengi hukata kabla ya kufika hapo, wakikimbilia makofi.

Wakimaliza, mwombe mwalimu apige nota hiyo ya mwisho kwenye kinanda. Wakiwa wameshuka nusu toni wote kwa pamoja, hiyo ni kwaya, warudie Jumamosi. Wakiwa wameshuka wawili na wengine wamebaki, usiwape Palestrina bado.